Ziwa Litakuwa Shwari Jumanne

Niliinyakua redio ya mtu nisiyemjua nikaitupa ziwani. Subira yangu iliishia hapo. Ilikuwa redio ndogo ya betri, imefungwa kwa kipande cha tyubu ya baiskeli, na hata ikiwa hewani bado ilikuwa inasoma hali ya hewa. Iliangukia mahali ambapo maji yanafika magotini. Ikasema maneno mawili matatu humo ndani, kama mtu anayeongea chini ya blanketi, kisha ikanyamaza. Watu wote waliokuwa ufukweni wakapiga ukemi kana kwamba nimetupa mtu.

Nilikuwa nimelowa chepechepe. Mtoto wangu wa miezi minane alikuwa kifuani pangu, anatetemeka hata kulia hawezi. Sikujali redio ni ya nani.

Sasa nyinyi mlionizingira pale kwenye mashine ya posho, "Boke, ati ulipigana na redio?", someni. Naandika mara moja tu, sitaki kuulizwa tena.

Kehancha hadi Masara

Mnajua mume wangu Otieno ni fundi wa mashua kisiwani Mfangano, na mama yake yuko huko. Sukari ilishamla mama jicho moja, na la pili lilikuwa linafifia siku kwa siku. Hakuwa amemwona Akoth hata mara moja. Otieno alinipigia simu akasema, "Mama anauliza kila asubuhi kama mtoto amefika." Nikamwambia nakuja. Akasema nisubiri hadi mwisho wa wiki aje kunichukua Mbita mwenyewe. Nikamuuliza jicho la mama litasubiri mwisho wa wiki? Tukagombana, nikakata simu. Kwa hiyo safari hii niliianza na hasira zangu, sikuzikuta njiani.

Binamu yangu Chacha alikuwa anapeleka mahindi Sindo kwa pikapu. Jumatatu asubuhi nikapanda mbele na mtoto. Chacha kwanza alikuwa na mkanda wa mashine wa kuacha Masara, kwa watu wa dhahabu. Mwenye mkanda hakuwepo. "Anakuja sasa hivi," wakasema. Sasa hivi ya Masara ni saa tatu na nusu.

Tuliketi kwa mama mmoja anayepika ugali na dagaa wa omena kando ya mashine za kusaga mawe. Kelele zile, lazima uongee kwa mikono. Vumbi liko kwenye chai, kwenye nyusi za watu, kwenye majani. Ilipofika saa saba mchana, mashine moja ikazimwa. Halafu ya pili. Halafu zote, mpaka nikasikia mtoto wangu anavyopumua. Wanaume wakatoka mashimoni na matope usoni, wakavua kofia, wakasimama. Mama wa chakula akaongeza sauti ya redio.

"Wasikilizaji wa ziwani na wa nchi kavu," ikasema sauti ya mzee, kwa Kiswahili cha taratibu, kila neno limetua mahali pake. Akakohoa kidogo. Kiti chake kikalia. Mbali huko nyuma yake jogoo akawika. "Huu ni mtazamo wa hali ya hewa ya wiki. Jumatatu, mawingu machache. Jumanne, ziwa litakuwa shwari kutwa. Jumatano na Alhamisi, upepo mkali kutoka kusini. Mashua ndogo zisiingie majini."

Ilipoisha, mwanamume mmoja akamwaga chai iliyobaki kikombeni mwake chini, polepole, kama mtu anayemwagilia mche. Ndipo mashine zikawashwa.

"Hawa watu wanaogopa mvua sana," Chacha akaninong'oneza kwa Kikuria.

"Mvua ikijaa shimoni unazikwa hai. Wewe hungeogopa?" nikamjibu. Moyoni niliwasifu. Kwetu hali ya hewa ikianza kusomwa watu wanabadilisha idhaa kutafuta mpira.

Nikamuuliza mama wa chakula huyo msomaji ni nani.

"Jakoth," akasema. "Mtu wa mvua. Ndivyo tunamwita."

"Anasoma vizuri."

Akaniangalia muda mrefu, mwiko mkononi. "Ee, nyathina, mwanangu. Anasoma vizuri." Akaniongezea omena ambayo sikuomba.

Masara hadi Sindo

Kabla ya Karungu mvua ikatushukia. Si manyunyu. Ilikuwa mvua ya mawe, inapiga paa la pikapu kama watu wanaturushia kokoto, mpaka Chacha akasimama kando.

"Mawingu machache," akasema.

"Mvua ya mahali pamoja si mvua ya eneo zima," nikamwambia. Nilisoma Jiografia mpaka kidato cha nne, na nilipata alama nzuri. Naiandika hapa aibu yangu, muijue.

Mvua ilipokatika tukaona ziwa kwa mara ya kwanza. Mimi ziwa nalijua kwenye ramani. Lilikuwa limelala, rangi ya bati, halina hata kunyanzi. Juu yake kulikuwa na nguzo za moshi, tatu au nne, zimesimama wima, ndefu kuliko mnara wa simu. Nikamwambia Chacha kuna mashua zinaungua. Tulipokaribia, moshi ukaja barabarani ukatuingia. Ulikuwa wadudu. Wadudu wadogo wa ziwani, wengi mpaka taa za gari zikafifia mchana, wanaingia puani, kwenye macho ya mtoto, na hawalii kama mbu. Wanafanya sauti ya chini sana, kama umati wa watu unaosali mbali. Nilimfunika Akoth kwa leso yote nikakaa hivyo mpaka Sindo, bila kufungua mdomo.

Sindo tulilala kwa mwanamke aliyenunua mahindi ya Chacha, Msabato, mpole, nyumba yake safi kama kikombe kipya. Alitupikia samaki wa ngege kwa mchuzi, akamshika mtoto akacheka naye. Jioni, tukiwa tunakula, redio ikasema, "Wasikilizaji wa ziwani na wa nchi kavu." Mwanamke yule akaweka tonge lake chini. Watoto wake wawili wakaacha kula bila kuambiwa. Mzee akakohoa. Kiti kikalia. Jogoo akawika, nami nikageuka kumtafuta, kwa sababu jogoo gani anawika jioni? Nyumba ile haikuwa na kuku.

Jumanne, ziwa litakuwa shwari kutwa.

Alipomaliza, mwenyeji wetu akaimba ubeti mmoja wa wimbo wa kanisani, taratibu, kisha akarudi kwa tonge lake.

"Mama, huwa mnaombea hali ya hewa?" nikamuuliza.

"Tunaombea kila kitu," akasema. Sikuuliza zaidi. Chacha naye alikuwa anatafuna ngege. Wakuria wawili nyumba nzima, na hakuna hata mmoja anayejua Kijaluo zaidi ya salamu.

Mbita

Jumanne asubuhi nikapanda boda mpaka Mbita. Mpango wangu ulikuwa rahisi: leo shwari, kesho na kesho kutwa mashua haziingii. Kwa hiyo ni leo, au nikae Mbita mpaka Ijumaa huku jicho la mama linazimika.

Mashua ya Mfangano iliyokuwa imebaki ilikuwa ya nahodha mmoja anaitwa Omondi, mwanamume mfupi mwenye shingo nene. Alikuwa amekaa kwenye ukingo wa mashua yake anakula muwa, hapakii chochote.

"Kesho asubuhi, mama," akasema.

"Kesho kuna upepo. Leo ni shwari."

"Nani amesema?"

"Jakoth. Nimemsikia mara mbili."

Akaacha kutafuna. Kando yake alikuwa ameketi mwanamke mnene na makreti ya nyanya. Wote walimwita min Apiyo, mama yake Apiyo. Akamwangalia Omondi, Omondi akamwangalia yeye. Nikadhani wananidharau kwa sababu mimi si wa ziwani.

"Angalia maji," Omondi akasema mwishowe. "Hayasemi kitu. Ziwa likinyamaza hivi mchana sipendi."

"Likipiga kelele hupendi, likinyamaza hupendi. Wewe ni nahodha au ni mlinzi wa mashua?"

Watu wakacheka. Mmoja akasema, "Yawa, Omondi, nyar Kuria, huyu binti wa Kikuria, amekuoa!" Min Apiyo akasema nyanya zake pia hazitasubiri, zinaoza. Hapo saa saba ikafika, na kwenye kibanda cha kuchaji simu redio ikaanza. Wasikilizaji wa ziwani na wa nchi kavu. Kikohozi. Kiti. Jogoo. Kofia zikatoka vichwani. Nikanyoosha kidole kuelekea kwenye kibanda, nikasema kwa sauti mbele ya watu wote, "Haya! Mwambie huyu mzee ni mwongo!"

Omondi akatupa muwa. Uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyetukaniwa baba. Akasema, "Panda."

Majini

Tulikuwa tisa. Jaketi za kuelea zilikuwepo, zote za watu wazima. Mtoto wangu angepita katikati kama sindano kwenye gunia. Tulipita kando ya kisiwa cha Rusinga vizuri kabisa. Hakuna upepo. Mashua ilikuwa inachora mstari kwenye maji, na nilipogeuka mstari ule bado ulikuwepo nyuma yetu, mrefu, haufutiki. Ndege hakuna. Min Apiyo akaanza kunipigia stori za binti yake, halafu katikati ya sentensi akaacha.

Omondi akazima injini.

"Nini?" nikauliza.

"Shh."

Ilikuwa upande wa kushoto. Kamba imeshuka kutoka kwenye wingu mpaka majini. Nyembamba juu, nyembamba chini, ya kijivu, na chini yake maji yalikuwa yanachemka meupe. Haikutoa sauti yoyote. Hicho ndicho kitu ambacho bado kinaniamsha. Kitu kikubwa kuliko kilima, kinatembea, na unasikia tu maji yakidondoka kutoka kwenye propela.

"Nyakoi," min Apiyo akasema kwa pumzi. Ndilo jina lao la kimbunga cha majini.

"Inaenda wapi?" nikamuuliza Omondi.

"Ndicho ninachongoja kujua."

Ikapinda katikati kama kiuno. Ikasimama. Naapa ilisimama. Kisha ikaanza kukatika kutoka chini kwenda juu, ikameza miguu yake yenyewe, ikaisha. Mtu mmoja akaanza kucheka kwa furaha. Na hapo upepo ukaja.

Sitawaelezea mawimbi. Nitawaeleza nilichofanya. Omondi alipiga kelele kwa Kijaluo, makreti ya nyanya yakarushwa majini na min Apiyo mwenyewe, moja baada ya jingine, bila kusema neno. Wengine wakachota maji kwa mabeseni. Mimi nilichukua jerikeni tupu la lita ishirini, nikakaza kifuniko kwa meno, nikamlaza mwanangu juu yake kifudifudi, nikamfunga kwa leso, mara tatu, nikapitisha ncha kwenye mshikio. Nikafunga fundo ambalo tunafungia ng'ombe. Alikuwa ananiangalia. Hakulia. Nilikuwa nampima kama mzigo: je, akianguka ataelea uso juu au uso chini? Nikamfungua, nikamgeuza chali, nikamfunga tena. Mvua ya mawe ilimpiga usoni, nikamwinamia kama paa.

Hivyo ndivyo tulivyokwenda, sijui muda gani. Min Apiyo alinishika mkanda wa sketi kwa mkono mmoja na kuchota maji kwa mwingine. Mara mbili nilisikia sauti yangu ikisema, "Redio ilisema."

Ufukweni Mfangano

Tulitua si bandarini bali kwenye ufuko wa wavuvi, jua likielekea kuzama. Watu wakaingia majini kutuvuta. Nikamfungua Akoth kutoka kwenye jerikeni na meno yangu, vidole havikufanya kazi. Mikono yake ilikuwa na alama za leso. Nikamweka kifuani, ngozi kwa ngozi, mtu akanifunika koti.

Na hapo, kwenye kibanda cha kukaushia omena, mita chache tu, redio ndogo ikasema, "Wasikilizaji wa ziwani na wa nchi kavu." Wavuvi waliokuwa wanatuvuta wakasimama. Wakasimama, wenzangu! Kamba mikononi, wakainamisha vichwa. Mzee akakohoa. Jumanne, ziwa litakuwa shwari kutwa.

Yaliyofuata mnayajua.

Mwenye redio akaingia majini, akaitoa, akaiweka sikioni kama anasikiliza moyo. Nilikuwa bado napiga kelele. "Huyo Jakoth wenu nikimpata nitamrarua! Nitamfunga kwenye jerikeni!"

Min Apiyo akanishika mabega. "Utamrarua wapi, nyar Kuria? Jakoth yuko mochwari."

"Tangu lini?"

"Sasa ni wiki ya nne. Hajazikwa."

"Na huyu anayesoma ni nani?"

"Ni yeye. Wanapiga rekodi zake za mwaka jana. Kila mtu anajua, walitangaza kwa Kijaluo. Sisi tunamsikiliza tu, tunamsindikiza. Hatupangi safari naye."

Nikamgeukia Omondi. Alikuwa ameketi mchangani. "Na wewe? Ulijua, ukanipakia na mtoto?"

"Ulisimama mbele ya watu," akasema bila kuniangalia, "ukaniambia nimwite marehemu mwongo. Na hajaingia ardhini. Ningesema nini?"

Otieno alifika anakimbia. Hakunigombeza, na hiyo iliniuma zaidi. Usiku huo mama mkwe alimsogeza Akoth mpaka pua zikagusana. Akamwangalia hivyo muda mrefu. "Ana masikio ya baba yake," akasema. Kisha akaona alama kwenye mikono. Akauliza ni za nini. Nikazifunika kwa leso.

Homa Bay

Nilikaa siku nane. Tulirudi asubuhi, na Otieno, kwa mashua ya Omondi, ambaye alikataa kuongea nami mpaka Mbita na kisha akampa Akoth kipande cha muwa. Badala ya kwenda nyumbani moja kwa moja nikashuka Homa Bay mjini. Kituo cha redio kiko ghorofani, juu ya duka la nafaka. Jina lake silitaji.

Mkuu wa vipindi alikuwa mwanamume wa shati jeupe, mwenye adabu nyingi. Alinisikiliza mpaka mwisho. "Pole sana, mama. Lakini elewa. Familia inagombania wapi atazikwa, kwa mke wa kwanza au kwenye ploti ya mjini. Mazishi yameahirishwa mara tatu. Nani atakaa kwenye kiti chake kabla hajazikwa? Nilimwomba kila mtangazaji hapa. Wote walikataa."

"Mngenyamaza basi."

"Kunyamaza ni kumfuta. Na masika ni masika, mama. Hayatofautiani sana."

Akanionyesha studio. Kiti kilikuwepo, cha mbao, mto wake umebonyea. Juu ya mto kulikuwa na karatasi nne. Kila wiki watu wa hali ya hewa wanatuma mtazamo mpya, na kila wiki wanauchapisha na kuuweka hapo, kitini, kama chakula cha mtu aliyechelewa. Nikachukua karatasi ya wiki yangu. Jumanne: utulivu asubuhi; mchana upepo mkali wa ghafla na mvua ya mawe; vyombo vidogo visivuke baada ya saa sita. Ilikuwa sahihi, yote. Ilikuwa hapo tangu Jumapili, siku mbili kabla sijavuka.

Nilikuwa nafungua mdomo nianze upya ndipo nikaona kuna mwanamke kwenye benchi la kona, kitambaa cheusi kichwani, pochi magotini. Mkuu wa vipindi akasema polepole ni mke wa pili. Huja kila siku kusikiliza, kwa sababu nyumbani shemeji zake wamechukua redio.

Alimwangalia Akoth. "Ni huyu aliyefungwa kwenye jerikeni?" Habari ilikuwa imenitangulia.

"Ni huyu, mama."

"Aliingia maji?"

"Kidogo. Alitapika."

Kupitia ukutani tukaisikia ikianza: wasikilizaji wa ziwani na wa nchi kavu. Alifumba macho. Jogoo alipowika alitabasamu. "Yule ni jogoo wangu," akasema. "Alikuwa anarekodi nyumbani, umeme ukipotea hapa. Tulimla Krismasi." Ilipokwisha akafumbua macho, akafungua pochi, akanipa kalamu.

"Andika, nyathina," akasema. "Mimi siwezi kuwaambia."

Niliandika pale pale kwenye benchi, mtoto akivuta karatasi. Nakala ninayo. Ni hii:

Kwa Meneja wa Kituo.

KUH: MALALAMIKO KUHUSU MTAZAMO WA HALI YA HEWA WA WIKI

Mimi ni Boke, mama wa Akoth, mkazi wa Kehancha. Siku ya Jumanne nilivuka kutoka Mbita kwenda Mfangano mchana kwa sababu redio yenu ilisema ziwa litakuwa shwari kutwa. Halikuwa shwari. Tulikuwa watu tisa, na mmoja wao hajui bado kusimama.

Nakiri kosa langu. Nahodha alikataa, nikamwaibisha mpaka akakubali. Nahodha huyo asilaumiwe, na makreti ya min Apiyo yasisahauliwe.

Lakini nalalamika kwamba mlikuwa na karatasi ya kweli mkaiweka kitini. Nalalamika kwamba mliwaambia walio wenu kwa lugha yao kuwa msomaji amefariki, na hamkutuambia sisi wengine kwa lugha ambayo yeye mwenyewe alitusomea. Yeye alichagua Kiswahili ili asiachwe mtu nje. Nyinyi mmetuacha nje kwa kutumia sauti yake.

Sidai fidia. Nataka mambo mawili. La kwanza, rekodi zote za marehemu wapewe mke wake aliyeketi hapa, pamoja na redio ya kuzisikilizia, aende nazo nyumbani. La pili, kesho asubuhi mtu aliye hai asome karatasi ya wiki hii. Kama hakuna anayethubutu kukaa, asome akiwa amesimama.